Steringi Hakosei Mtu
Mhadhara wa wazi kuhusu filamu ya Punisher: War Zone



Jioni hii nazungumzia filamu iliyoanguka. Punisher: War Zone ilitoka Marekani tarehe 5 Desemba 2008. Iligharimu takriban dola milioni 35, na kumbi za sinema za dunia nzima ziliirudishia milioni 10 na kidogo. Wahakiki wengi waliiponda. Watu wanakufa humo kwa makumi, na kamera haimwonei haya hata mmoja wao. Mtu ana haki ya kuniuliza: watu wazima na akili zetu, tumekutana ukumbini kujadili kitu kama hicho?

Nitajibu hivi. Sisi tuliolelewa na vibanda vya video tunaijua kanuni ya kwanza ya sinema za ngumi na risasi: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini mwisho atasimama. Kanuni hiyo tumeizoea hata tunaitania. Ipo ya pili, ambayo haitajwi, na ndiyo inayobeba filamu zote za mtu anayejichukulia sheria mkononi: steringi hakosei mtu. Kila anayekula risasi yake alistahili. Hoja yangu ni kwamba kanuni ya kwanza ni burudani tu, ya pili ni uongo unaoweza kutoka ukumbini na kuingia mtaani. War Zone, pamoja na damu yake yote, ni miongoni mwa filamu chache za aina hii zilizothubutu kuivunja kanuni ya pili. Nitaeleza ilivyoivunja, na jinsi ilivyoogopa baadaye kubeba mzigo wa ilichokivunja.

Tuanze na asili. Frank Castle, anayejiita Punisher, alionekana kwa mara ya kwanza katika toleo la 129 la kitabu cha katuni cha The Amazing Spider-Man, lenye tarehe ya Februari 1974. Mwandishi alikuwa Gerry Conway, michoro ya ndani ilikuwa ya Ross Andru, na aliyeikamilisha sare yake ni John Romita. Conway alikuwa amechora fuvu dogo kifuani. Romita akalikuza likajaza kifua chote, meno yake yakashuka hadi kwenye mkanda wa risasi. Miaka ile jiji la New York lilikuwa likihesabu mauaji zaidi ya 1,500 kwa mwaka, na hazina yake ilikuwa inaelekea kukauka. Vitabu vya bei nafuu vya Don Pendleton, vilivyoanza mwaka 1969, vilikuwa vikiuzwa kama njugu kwa kisa cha askari aliyerudi kutoka Vietnam kuipiga vita Mafia. Julai ya mwaka huohuo wa 1974, Charles Bronson alitokea kwenye Death Wish, akiwinda vibaka usiku baada ya mkewe kuuawa. Hasira ilikuwa imetanda mjini. Conway na wenzake waliivalisha fulana nyeusi.

Historia ya Castle ilikuja kujazwa baadaye kidogo, nayo haina mafumbo. Alikuwa mwanajeshi wa majini aliyepigana Vietnam. Siku moja alikwenda na mkewe Maria na watoto wao wawili kutembea Central Park, wakashuhudia mauaji ya genge, na genge likawamiminia risasi ili wasibaki mashahidi. Akabaki yeye peke yake. Tangu hapo anawaua wahalifu, hana kazi nyingine.

Kinachosahaulika ni alivyoingia duniani. Katika kisa chake cha kwanza Punisher ni mtu aliyedanganywa. Adui aitwaye Jackal amemwaminisha kwamba Spider-Man ni muuaji wa mtu aitwaye Norman Osborn, uvumi wa mjini unasema hivyohivyo, naye anashika bunduki aende kumwondoa. Msomaji wa siku zile alikuwa ameshuhudia katika toleo la 122 jinsi Osborn alivyokufa, kwa hiyo alijua kwamba anayewindwa hana hatia. Zingatieni jambo hilo. Mhusika aliyekuja kuwa alama ya uhakika usiotetereka aliletwa kwetu akiwa amelenga mtu asiye na kosa.

Soko halikupenda abaki hivyo. Wasomaji walimpenda, na mpendwa hapaswi kukosea. Mwaka 1983 mwandishi Bill Mantlo alijaribu kulifuata wazo hadi mwisho wake: akamwonyesha Castle akiwafyatulia risasi hata watu waliotupa taka ovyo barabarani. Kama adhabu ni kifo na hakimu ni mmoja, nani wa kumwambia kosa gani ni dogo? Mwaka 1986 Steven Grant na mchoraji Mike Zeck walipompa Castle mfululizo wake mwenyewe, walisafisha doa hilo kwa maelezo kwamba wakati ule alikuwa amelishwa dawa za kumvuruga akili. Mwaka uliofuata akapata kitabu cha kila mwezi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa na vitatu kwa pamoja. Wahalifu waliokufa humo hawana idadi, na mwandishi alihakikisha kwamba kila mmoja tulishamwona akitenda uovu kabla risasi haijamfikia.

Hapo ndipo siri ya aina hii ya hadithi ilipo. Mlipiza kisasi wa kwenye katuni anaonekana kufanya kazi peke yake, kumbe ana mshirika mkubwa kuliko jeshi lolote: mwandishi. Mwandishi ndiye aliyemchungulia mhalifu chumbani, akamsikia akipanga, akamwona akicheka juu ya maiti, kisha akatuonyesha sisi. Sisi tukishaona, hatudai ushahidi mwingine. Castle anapovunja mlango, tunamshangilia kwa sababu tunajua tunayoyajua sisi, wala hatujiulizi yeye ameyajuaje.

Filamu zilizotangulia zilimlinda vizuri. Ile ya mwaka 1989, iliyopigwa Australia na kuchezwa na Dolph Lundgren, ilimvua hata fuvu kifuani ikamwacha muuaji mwenye huzuni. Ile ya mwaka 2004, ya mwongozaji Jonathan Hensleigh, ilimhamishia Thomas Jane mjini Tampa na kumpa adui mwenye fedha, Howard Saint, aliyechezwa na John Travolta. Humo kuna ujanja unaotufaa. Castle anapanga ushahidi wa uongo ili Saint aamini kwamba mkewe anatembea na rafiki yake mkubwa. Saint anaamini na kuwaua wote wawili. Yaani kosa la kumwadhibu mtu kwa jambo ambalo hakulitenda limo ndani ya filamu, ila limebebeshwa adui. Na ili tusimwonee huruma mke huyo, filamu ilishatuonyesha kwamba ndiye aliyetaka ukoo mzima wa Castle uuawe. Mizani imesawazishwa kabla hatujauliza swali.

Sasa tuje War Zone. Mwongozaji wake ni Lexi Alexander, mwanamke mzaliwa wa Ujerumani, bingwa wa zamani wa karate, na mtu anayejua ngumi inavyomfika aliyepigwa. Frank Castle alichezwa na Ray Stevenson, mzaliwa wa Ireland Kaskazini aliyefariki mwaka 2023. Mwili wa mbao, macho ya mtu asiyelala, maneno machache. Filamu ilipigwa Montreal, na usiku wa New York humo umepakwa kijani, nyekundu na manjano kama ukurasa uliotoka kiwandani wino haujakauka.

Inafunguka kwa karamu. Mzee wa genge, Gaitano Cesare, ameketi mezani na familia na wapambe wake. Taa zinazimika. Mara Castle yuko juu ya meza na kazi imeanza. Kisha ananing'inia kwenye taa kubwa ya dari, kichwa chini miguu juu, akizunguka na kumimina risasi pande zote. Hakuna anayeweza kuipokea picha hiyo kama ukweli. Alexander anatuambia mapema kwamba tumo ndani ya katuni na tusitafute uhalisia. Mtazamaji anacheka, na kicheko kinamlegeza.

Akiwa amelegea hivyo ndipo anapopigwa. Nje ya jumba hilo Castle anapewa fununu na polisi, Martin Soap, kwamba Billy Russoti, kijana wa genge aliyeponyoka, yuko kwenye kiwanda cha kusaga chupa. Soap anaongoza kitengo cha kumsaka Punisher, kitengo chenye mtu mmoja kwenye chumba cha chini ya ardhi, na moyoni hana nia ya kumkamata. Castle anakwenda kiwandani, anaua aliowakuta, na Russoti, mtanashati anayeupenda uso wake kuliko roho yake, anaangukia kwenye mashine ya kusagia vioo. Atatoka humo na uso ulioshonwa vipandevipande na jina jipya, Jigsaw. Miongoni mwa waliouawa yupo Nicky Donatelli. Baadaye Castle anapata habari kwamba Donatelli hakuwa jambazi. Alikuwa kachero wa FBI aliyejipenyeza ndani ya genge, na ana mke na binti mdogo.

Mtazamaji anajikuta mahali pabaya. Sisi pia tulikuwa hatujui. Tulimwona Donatelli katikati ya majambazi, ana bunduki, kavaa kama wao, anaongea kama wao, tukamhesabu pamoja nao. Risasi ilipompata hatukushtuka. Mwandishi, yule mshirika tuliyemzoea, safari hii alikaa kimya kwa makusudi. Ametuacha tuone kile tu alichokiona Castle, na Castle hakuona vya kutosha. Soap alimwambia Russoti yuko wapi. Hakumwambia nani mwingine yuko humo, kwa kuwa naye hakujua. Fununu iliyotosha kumfikisha mlangoni haikutosha kumwonyesha aliyesimama nyuma ya mlango.

Kwa muda fulani filamu inalikabili jambo hilo kiume. Castle anataka kuacha. Anakwenda kwa mjane, Angela, akiwa na fedha, na fedha hazipokelewi. Anakaa kanisani na hana la kujitetea. Paul Budiansky, kachero mwenzake marehemu, anataka kumtia pingu, na kwa mara ya kwanza katika filamu za Punisher mtu anayemsaka shujaa ana madai mazito kuliko ya shujaa mwenyewe. Kama filamu ingeendelea na njia hiyo, tungekuwa na kazi kubwa sana mikononi.

Haikuendelea. Jigsaw anamtoa nduguye kwenye hospitali ya vichaa, mlaji wa nyama za watu asiye na tone la utu, na wote wawili wanaanza kuwawinda mjane na mtoto. Serikali inazidi kuharibu. Ili kupata habari za silaha za kibayolojia zinazoingizwa na genge la Warusi, inakubali kuwafutia ndugu hao mashtaka. Sheria ikishauza haki namna hiyo, nani mwingine abaki kuwalinda Angela na binti yake isipokuwa aliyemwua baba wa nyumba? Budiansky, aliyeanza kwa kutaka kumkamata Castle, anaishia kumsaidia. Katika hoteli chakavu Jigsaw anamlazimisha Castle achague nani afe kati ya mtoto na Microchip, mzee anayemtafutia silaha. Castle anakataa kuchagua, anampiga risasi nduguye Jigsaw, na Microchip analipa kwa uhai wake. Kisha Jigsaw anaishia motoni, mjane si adui tena, na Castle anarudi kazini.

Angalieni hesabu ilivyofungwa. Deni la damu ya Donatelli limelipwa kwa damu ya watu wabaya kuliko Castle. Hakuna aliyelisamehe wala kulihukumu. Limefunikwa tu. Waandishi walifungua mlango wa swali, wakaona giza lililomo, wakamsukuma Jigsaw ausimamie mlango huo ili tusitazame ndani tena. Siwalaumu sana. Filamu ya Punisher ambayo Castle anaiweka bunduki chini kwa sababu aliua asiye na hatia isingekuwa na sehemu ya pili, na waliotoa fedha walitaka sehemu ya pili. Hata hivyo ule mwanzo upo, na umeandikwa kwa uaminifu kwa asili ya mwaka 1974 kuliko filamu nyingine zote.

Hebu sasa tuondoke kwenye sinema tubaki New York ileile. Tarehe 22 Desemba 1984, ndani ya treni ya chini ya ardhi, mwanamume mmoja Mzungu aliwapiga risasi vijana wanne weusi. Mmoja wao alikuwa amemwomba dola tano. Yeye alisema alijua kwamba anaporwa. Wapo waliomshangilia jijini, na magazeti yalimfananisha na Bronson wa Death Wish. Vijana wote walipona, lakini mmoja wao alipooza. Mwaka 1987 baraza la wazee wa mahakama lilimwachia kwa mashtaka ya kujaribu kuua, likamtia hatiani kwa kumiliki bunduki isivyo halali. Mwaka 1996 baraza jingine, katika kesi ya madai, lilimwamuru amlipe aliyepooza dola milioni 43.

Mabaraza mawili, miaka zaidi ya kumi, majibu mawili. Sikutoa mfano huo ili nihukumu tena kesi iliyohukumiwa. Nataka tuone tofauti. Treni ile haikuwa na mwandishi. Hakuna aliyekuwa ameingia ndani ya vichwa vya vijana wanne na kutuletea habari za nia yao. Ilibidi watu waitwe, waulizwe, wapingane, wakumbuke vibaya na kusahihishwa, na bado hawakukubaliana. Kazi ambayo mchora katuni huimaliza kwa picha tatu iliwashinda watu wazima kwa muongo mzima. Anayesikia kelele ya "mwizi!" sokoni na kuokota jiwe yuko ndani ya treni ileile.

Turudi kwenye fuvu, kwa sababu fuvu lilitoka kwenye karatasi. Askari wa Marekani walilichora kwenye magari yao vitani Iraq. Chris Kyle, mlenga shabaha maarufu wa jeshi la majini, alieleza katika kumbukumbu zake za mwaka 2012 jinsi kikosi chake kilivyolichukua. Mwaka 2017 polisi wa mji mdogo wa Catlettsburg, jimbo la Kentucky, walilibandika kwenye magari yao ya doria, kisha wakalibandua baada ya wananchi kulalamika. Januari 2021 lilionekana miongoni mwa waliovamia jengo la Bunge mjini Washington. Gerry Conway, aliyelibuni, alikuwa amekwisha sema hadharani mwaka 2019 kwamba ofisa wa sheria anayevaa alama ya mhalifu anayevunja sheria amepotoka, na mwaka 2020 alianzisha mradi wa fulana za fuvu hilohilo kuchangia harakati za haki za Wamarekani weusi. Marvel, wachapishaji wa katuni hizo, nao katika toleo moja la mwaka 2019 walimwandikia Castle akilichana fuvu mbele ya polisi waliomwambia kwamba wanamhusudu.

Kwa nini polisi avutiwe na mtu ambaye kuwepo kwake ni ushahidi kwamba polisi wameshindwa? Wengi husema ni ukatili. Mimi nadhani ni wivu. Polisi anaamka kila siku katikati ya mashaka: shahidi anadanganya, picha haionekani vizuri, mtuhumiwa anafanana na mwingine. Castle hana mashaka. Fuvu linampa anayelivaa ladha ya uhakika ule. Ila uhakika haukuwa wa Castle. Alikopeshwa na mwandishi. Anayelibandika fuvu kwenye gari halisi amechukua bunduki ya mhusika akamwacha mwandishi nyuma. Ni kama kununua dawa kwa rangi ya chupa bila kumuuliza mganga.

Najua kuna wapenzi wa Punisher humu ndani, nami ni mmoja wao, na wana utetezi wao. Watasema kwamba vitabu bora, hasa vilivyoandikwa na Garth Ennis tangu mwaka 2000, havimwonyeshi Castle kama mtu wa kuigwa. Ni maiti inayotembea, hana rafiki, hana furaha, na mwandishi anajua hivyo. Ni kweli. Lakini huzuni ya shujaa haitoi jibu kwa swali la usahihi wake. Mtu anaweza kuwa na majonzi makubwa na bado akampiga risasi asiyehusika. Kwa hakika majonzi huongeza uwezekano huo. Vitabu vinavyotuambia "msimwige, anateseka" vinaonya juu ya bei anayoilipa mwuaji. Kile cha kwanza kabisa, na nusu ya kwanza ya War Zone, vinaonya juu ya bei anayoilipa aliyeuawa kimakosa. Onyo hili la pili ndilo tulilolihitaji zaidi, na ndilo lililopata wasikilizaji wachache.

Wengine watasema mahakama zinachelewa, zinanunulika, na majambazi wanatoka kwa dhamana kabla jeraha la aliyeporwa halijakauka. Sibishi. War Zone yenyewe inalisema hilo kwa ukali, pale serikali inapopeana mkono na Jigsaw. Lakini tazameni kasoro hizo zinatibiwaje. Hakimu aliyehongwa anaweza kufichuliwa, hukumu mbovu inaweza kukatiwa rufaa, mfungwa asiye na hatia anaweza kutoka hata baada ya miaka ishirini, akiwa mzee na mwenye haki ya kutukana. Mahakama imejengwa juu ya kukiri kwamba binadamu hukosea, na sehemu kubwa ya uzito wake unaotuchosha ni milango iliyoachwa wazi ili kosa lipate pa kutokea. Frank Castle hana mlango hata mmoja. Nicky Donatelli hakupata mahali pa kukata rufaa.

Kwa hiyo sitawaomba mwache kutazama filamu hizi. Nitawaomba mzitazame kwa swali moja midomoni, kila steringi anapoinua bunduki: huyu ameambiwa na nani? Kama jibu ni kwamba hakuambiwa na mtu, ila sisi tumeonyeshwa, basi tumeshaingizwa kwenye ushirika wa mauaji kwa njia ya kiti chetu, na ni vema tujue. Kama jibu ni fununu ya mlangoni, tusubiri kabla ya kupiga makofi. Na siku tutakapokuwa nje ya ukumbi, mtu akitunyooshea kidole jirani na kutuhakikishia kwamba anajua, swali hilohilo liulizwe kwa sauti, kabla jiwe la kwanza halijaokotwa.